Ufunguo Usio na Kufuli

Harufu ilimpokea Inspekta kabla ya mtu yeyote kumpokea. Alikuwa bado ngazini, mlango wa chuma wa chumba cha mitambo u mbele yake, ilipomjia: harufu ya tambara bichi lililosahauliwa kwenye ndoo, ikichanganyika na ya kitu kingine ambacho zamani kilikuwa na miguu minne. Akasimama, akameza mate, akajuta kuwa alikunywa chai ya maziwa.

Kituoni walimwita Pua, na si kwa sababu ya ukubwa wa kiungo chenyewe, ingawa hakikuwa kidogo. Mama huyu angeweza kunusa koti lako akakuambia umetoka kwa mkeo au kwa jirani. Kipaji hicho kilimpandisha cheo mara mbili na kumharibia chakula cha mchana mara zisizo na hesabu.

Ndani alimkuta msimamizi wa mradi, bwana wa shati jeupe pee, akijifuta vidole kimoja baada ya kingine kwa karatasi laini yenye manukato ya waridi. Alivifuta kwa staha ya mtu anayeosha maiti. Kisha akatoa mkono, naye Inspekta akaupokea, maana sheria bado haijampa askari ruhusa ya kukataa mikono ya watu.

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi, na msimamizi alikisimulia kama mtu aliyekariri. Jengo lile lilikuwa wadi mpya ya watoto njiti, na mtambo huu wa hewa ndio ungewapa watoto hao hewa safi yenye joto wanalolihitaji. Ulikuwa sanduku la bati refu kama kontena. Ndani yake kulikuwa na koili mbili, yaani safu za mabomba membamba yaliyovishwa mapezi ya bati: ya kwanza hupitisha maji baridi, ya pili maji ya moto, na hewa ikipulizwa katikati yake hutoka kwa kiwango anachokitaka daktari. Kabla ya mtambo kukabidhiwa ni lazima ujaribiwe hatua kwa hatua, na kila hatua iandikwe. Siku tatu zilizopita fundi mkuu alikuwa katika jaribio hilo, akibadilisha kizibo cha kutolea hewa juu ya koili ya moto, maji yakamrukia usoni na mikononi. Sasa alikuwa amelazwa jengo la pili, kafungwa bandeji mpaka kwenye viwiko.

"Alisahau kufunga valvu," msimamizi alisema. "Sote tuliikuta wazi. Kufuli hakuna, kadi nyekundu ya onyo hakuna. Uzembe, afande. Inasikitisha."

Alisema inasikitisha kama mtu anavyosema kesho kutakuwa na mawingu.

Saa tisa alasiri siku hiyo kamati ya usalama ingekaa na kuandika kwamba kosa ni la fundi. Leseni yake ya miaka kumi na tisa ingefutwa, jalada lingepelekwa kwa mwendesha mashtaka, na mtu ambaye bado hajaweza kushika kijiko angesubiri kushika vyuma vya dirisha la rumande. Kilichobaki ni sahihi ya polisi. Msimamizi alikuwa ameshaweka kalamu juu ya karatasi, kifuniko chake kimeshatolewa, ili afande asipate taabu.

Inspekta hakuigusa. Aliinama penye valvu ya bomba linaloingia koili ya moto. Mpini wake ulikuwa na tundu la kupitishia kufuli, na pembeni mwa tundu rangi ya buluu ilikuwa imekwanguka, chuma kinang'aa kama jino jipya. Aliuliza mkwaruzo ule umetoka wapi. Msimamizi akasema vitu hukwaruzika. Ili kumfurahisha mgeni, akafungua boksi la chujio lililo kwenye bomba, akachomoa kikapu chake cha waya na kukiinua kwenye mwanga.

"Tazama kazi yetu. Safi kama kijiko cha harusi."

Kweli kilikuwa safi. Hakikuwa na hata punje ya kutu. Inspekta alikisifu kwa adabu, kisha akauliza ile harufu inatoka wapi. Msimamizi alikitazama kimlango cha bati upande wa koili ya baridi, akarudi nyuma hatua moja bila kujua, akachomoa karatasi nyingine ya waridi. Humo hamna cha kuona, alisema.

*

Wadini, alikolazwa fundi, sauti ilimpokea kabla hajafika kitandani. Mama mkwe wa fundi alikuwa amekaa kando ya kitanda, akimwambia muuguzi kwamba shuka ile hata mbuzi angeikataa. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye macho ya mtu aliyewahi kupunjwa na hajasahau. Aliposikia kuwa mgeni ni polisi, alijipanga vizuri kwenye kiti.

Alianza kwa kuweka wazi msimamo wake. Yeye hakumpenda mwanamume huyu siku alipokuja kuposa na leo hajampenda. Anakoroma. Anakula haraka kama anafukuzwa. Alimchukua binti yake akampeleka kwenye nyumba inayonuka mafuta ya mashine. Inspekta alianza kudhani amepata shahidi wa upande wa msimamizi, na kalamu yake ikasita.

"Lakini kusahau kufuli?" mama akasema. "Huyu? Mwanangu, huyu anafunga kufuli hata kopo la sukari. Nikienda kumtembelea binti yangu, naomba chai kama mfungwa. Mambo yote msingizieni, hilo muacheni."

Kutoka kitandani ikatoka sauti ya mtu anayeongea kupitia midomo iliyovimba. Fundi hakuweza kugeuza shingo. Macho yake tu ndiyo yalimtafuta Inspekta.

"Nilifunga," alisema. "Ya kuingia na ya kutoka. Nikatia kufuli. Nikangoja saa nzima maji yapoe."

"Wao wanasema valvu ilikuwa wazi."

"Ufunguo," akasema, akachoka.

Mama mkwe ndiye aliyemaliza. Alifungua fundo kwenye pindo la leso yake na kutoa ufunguo mdogo wa shaba, ungali kwenye kamba ambayo mkwe wake aliivaa shingoni. Wauguzi walitaka kuukata siku ile, naye fundi, ngozi inamchuruzika, aliwakatalia mpaka mama akaahidi kuutunza mwenyewe. Ndivyo ilivyo kwa watu wa kazi ile, fundi alieleza kwa vipande vipande: kila mtu na kufuli lake, kila kufuli na ufunguo mmoja, nao unakaa shingoni mwa mwenyewe. Hakuna wa akiba. Hata mkuu wa kazi hana. Ukiona kufuli, ujue kuna mtu mwenye roho yake upande wa pili, nawe usiguse.

Inspekta aliupima ule ufunguo kiganjani. Mtu anaweza kusahau kutia kufuli, akajiwazia. Lakini akisahau, kufuli hubaki mahali fulani: kwenye begi la zana, mfukoni, mezani. Aliuliza. Begi la zana lilikuwa chini ya kitanda, mama alikuwa amelipekua mara mbili akitafuta la kulalamikia. Kufuli halikuwemo.

Aliomba ufunguo kwa risiti. Mama mkwe aliisoma ile risiti mbele na nyuma kabla ya kuukabidhi.

*

Kwa muda wa nusu saa Inspekta aliamini kwamba mwovu wake ni mzee wa boila, tanuri la kuchemshia maji.

Karatasi za msimamizi zilisema maji ya moto yalipelekwa kwenye koili yakiwa nyuzi sitini. Kwenye chumba cha boila, orofa ya chini, sindano ya kipimo ilikuwa imetulia kwenye themanini na tano. Mzee mwenyewe, ambaye watu walimwita Moshi, alipomwona askari alisukuma kitu chini ya gunia lililokuwa juu ya stuli, akalikalia. Alikuwa anatafuna kitunguu saumu kibichi, dawa ya kifua, na kila alipojibu, Pua alilipia kipaji chake.

"Simama, mzee wangu."

"Miguu yangu, afande."

"Ilikuwa mizima nilipoingia."

Moshi akasimama kwa huzuni kubwa. Chini ya gunia kulikuwa na daftari lililochafuka kwa masizi, kurasa zake zinanata kama zimepakwa asali iliyooza. Inspekta alizifungua kwa ncha ya kalamu. Kila siku, kila saa, mzee alikuwa ameandika joto la maji, na wiki mbili zilizopita namba zilipanda kutoka sitini kwenda themanini na tano kwa siku moja. Kando yake palikuwa na maneno matatu: *kwa amri, nimepinga*.

Hapo Moshi alikubali kusema, akitazama mlangoni kila baada ya sentensi. Mabomba mapya, alieleza, hujaa takataka: vipande vya uchomeleaji, mchanga, nyuzi za katani. Kwa hiyo huoshwa kwanza, na wakati wa kuosha koili hufungwa, maji machafu yanazungushwa kwa bomba la pembeni ili yasiipite. Msimamizi alikuwa na haraka. Aliamuru waoshe kupitia koili humo humo. Chujio likawa linajaa kila baada ya dakika kumi, naye akachoka kusubiri lisafishwe. Akaamuru kikapu kitolewe kabisa, kikarudishwa kuosha kulipokwisha.

"Ndiyo maana ni safi," alisema Inspekta.

"Sahani ya mtoto asiyekula haina mchuzi, afande."

Uchafu wote ukaenda ukakaa ndani ya koili. Hewa ikawa haipati joto, na badala ya kufungua na kusafisha, msimamizi akataka moto uongezwe hadi namba zake zitoke. Moshi alimwambia koili imeziba. Akajibiwa kwamba kazi yake ni moto, mawazo yana wenyewe. Daftari alilificha kwa sababu mtu aliyeandika amepokea amri leo, kesho huambiwa amejitungia.

Siku ya ajali yeye ndiye aliyesikia ukelele. Alikaa kidogo akidhani ni mafundi wanataniana, kisha akazima pampu na kupanda ngazi kwa magoti yake mabovu. Kwa hesabu yake, kutoka ukelele mpaka pampu kuzimwa zilipita dakika nne. Alimkuta fundi sakafuni na msimamizi amesimama kando ya mtambo, peke yake, akijifuta mikono.

Inspekta alipanda tena, lakini hakufika juu. Kwenye kona ya ngazi alimkuta dada wa usafi akikamua tambara, akamuuliza swali moja: siku ile alifuta maji kiasi gani?

"Ndoo moja, afande. Tena haikujaa. Meusi, mazito kama uji ulioungua. Nilitapika kwenye ndoo yenyewe, ndiyo ikakaribia kujaa."

Inspekta alimshukuru kwa ukamilifu wa maelezo, akabaki amesimama pale na mkono kwenye ukuta. Valvu wazi, pampu inasukuma kwa nguvu zake zote, kizibo kimetoka, dakika nne. Maji yale yangeteremka ngazi hizi kama wageni wa karamu. Ndoo moja isiyojaa haikutoka kwenye valvu iliyo wazi. Ilitoka kwenye valvu iliyofungwa, lakini isiyofunga vizuri, kama mlango uliobanwa na jiwe dogo. Na jiwe hilo, kipande cha uchomeleaji, lilipita pale palipopaswa kuwa na chujio. Maji ya moto yalikuwa yakipenya polepole saa nzima, yakijaza shinikizo nyuma ya kizibo, huku fundi akingoja yapoe kwa uaminifu wote.

Kwa hiyo alifunga. Kama alifunga, alitia kufuli. Kama alitia kufuli na ufunguo ulikuwa shingoni mwake, basi mtu mwingine alilikata, akaufungua mpini pampu ikiwa imeshazimwa, na kumgeuza mzembe mtu aliyekuwa analia sakafuni.

Alitazama saa, akarudi chini kumwita Moshi.

*

Saa saba kamili, mbele ya msimamizi, Inspekta alimwomba Moshi afunge valvu zote mbili za koili ya moto. Kisha alitoa pingu kiunoni. Pete moja aliipitisha kwenye tundu la mpini wa valvu ya kuingia, ya pili akaifunga kwenye kishikio cha bomba, ufunguo akatia mfukoni. Pampu iliachwa ifanye kazi. Akavuta ndoo, akaigeuza, akaikalia, akasema tutangoja saa moja.

Msimamizi alitumia karatasi sita za waridi.

Saa nane, Inspekta alisimama.

"Valvu yako ni nzima?"

"Imeandikwa."

"Sikuulizi karatasi."

"Ni nzima, afande."

"Basi nenda ukafungue kile kizibo. Kwa mkono wako. Simama pale aliposimama fundi."

Msimamizi alikitazama kizibo. Kilikuwa kidogo, cha shaba, hakizidi pipi ya peremende, na alikitazama kama mtu anayetazama nyoka akijikunja.

"Mimi si fundi," alisema hatimaye.

"Valvu nzima, maji yamepoa saa nzima. Kuna nini cha kuogopa?"

Hakusogea. Mkono wake ulikuwa umejifungia kwenye karatasi ya waridi mpaka ikawa kidonge.

Moshi aliifanya kazi hiyo kama inavyotakiwa kufanywa na mtu mwenye shaka. Alivaa glavu nene, akafunga mpira kwenye kizibo, ncha yake akaishusha kwenye ndoo, akawaondoa wote mpaka mlangoni, ndipo akalegeza taratibu kwa spana ndefu. Mpira ulikoroma, ukatema. Maji meusi yalitoka, yanafuka mvuke, na hayakukoma. Pingu zilikuwa pale pale, mpini haujasogea hata unywele.

"Valvu mbovu si jinai," msimamizi alisema. "Na kufuli bado hamna. Huna kufuli."

Hilo lilikuwa kweli, na Inspekta alikuwa amelifikiria saa nzima juu ya ndoo. Mtu amekata kufuli. Fundi analia, Moshi anapanda ngazi, magoti yake yanasikika. Mkasi wa vyuma unaweza kurudishwa ukutani kati ya zana nyingine, lakini kufuli kubwa lenye kadi nyekundu haliingii kwenye mfuko wa suruali ile iliyopigwa pasi ikanyooka kama rula. Litupwe wapi? Mahali ambapo hakuna atakayetia mkono. Mtu anayejifuta kidole kimoja kimoja hudhani kwamba uchafu ni ukuta, na kwamba binadamu wote huishia hapo anapoishia yeye. Tena akishatupa, hawezi kurudi kulichukua, maana mkono wake mwenyewe haumtii. Wala hawezi kumtuma mtu.

Na leo, alipoulizwa harufu inatoka wapi, alirudi nyuma hatua moja kutoka kile kimlango.

Inspekta alivua saa. Alivua koti, akampa Moshi. Akakunja mkono wa shati mpaka begani, kwa utaratibu, kama mtu anayejiandaa kwa sala ambayo haiamini. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Akafungua kimlango cha koili ya baridi.

Chini ya koili hiyo kulikuwa na sinia refu la bati, la kupokea matone yanayodondoka hewa inapopozwa. Mtambo ulikuwa umewashwa wiki nyingi bila vichujio vya hewa ili ukaushe plasta ya ukutani, na vumbi lote la plasta lilikuwa limekuja kulala humo. Bomba la kutolea maji liliziba, sinia likafurika, na kilichozaliwa humo hakikuwa maji tena. Kilikuwa na ngozi juu. Ngozi ilikuwa ya kijani, nayo ilipumua. Mjusi mmoja alikuwa amekwama katikati akiwa nusu, na kwenye kona alilala panya, chali, kifua wazi, amefariki kwa heshima zote kama mzee aliyeshiba pilika za dunia. Hewa hii, Inspekta alikumbuka, ilikuwa inangojwa na watoto wenye uzito wa mkate.

Akaingiza mkono.

Ulimpokea uji wa uvuguvugu, ukamlamba mpaka kwenye kiwiko. Vitu laini vilipita katikati ya vidole, akaamua kutojua ni vitu gani. Nyuma yake msimamizi alitoa mlio mdogo wa kooni. Inspekta alipapasa chini ya panya, akamwomba radhi kimoyomoyo, akaenda mbele mpaka kwenye tundu la bomba lililoziba. Hapo vidole viligusa kitu kigumu, kizito, chenye pembe.

Alikitoa kikiwa kinavuta nyuzi za ute. Kufuli. Shingo yake ya chuma ilikuwa imekatwa sehemu moja, na kadi nyekundu bado imening'inia, maandishi yake yamevimba lakini yanasomeka: *Usifungue. Mtu yuko kazini.* Chini yake, kwa mwandiko wa fundi, saa na tarehe.

Inspekta alitoa ule ufunguo wa shaba kwa mkono uliokuwa safi, akauingiza, akauzungusha. Kufuli lilisita, likacheua tone jeusi, likalia *tak*.

Msimamizi alitapika. Alitapika juu ya shati jeupe, juu ya viatu, na, kwa bahati mbaya, juu ya karatasi iliyokuwa inangojea sahihi. Kisha akiwa ameinama alianza kusema: kwamba aliogopa tu, kwamba alitaka siku mbili za kurekebisha, kwamba fundi angepona.

"Utayasema mbele ya kamati," Inspekta alisema. "Bado ipo nusu saa kabla hawajakaa."

Akafungua pingu kutoka kwenye valvu. Zilikuwa bado na joto. Mikono iliyozipokea ilikuwa imefutwa vizuri sana.

*

Kamati ilikaa saa tisa, ikalikuta mezani kufuli ndani ya mfuko wa nailoni, ikaomba madirisha yafunguliwe. Saa kumi na nusu Inspekta alikuwa amenawa mara saba, mara mbili kwa sabuni ya kufulia na mara moja kwa mafuta ya taa, na bado alijinusa.

Mama mkwe alimnusa pia, tangu mlangoni. Alivuta leso puani na kumuuliza kama huko polisi hakuna bafu. Inspekta alisimama mbali na kitanda, kwa huruma, akamweleza fundi: leseni yako haijaguswa. Kufuli limepatikana. Limekatwa, lakini ufunguo umezunguka.

Fundi alifumba macho. Bandeji za mashavuni zikalowa taratibu, na alikuwa hana mkono wa kujifutia. Mama mkwe aliguna, akakunja pembe ya leso yake, akamfuta yeye, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Kesho nitamnunulia jingine la kazi," alimwambia Inspekta. "Lakini lile la sukari, mwanangu, nalo lichukue liwe ushahidi."